Tulidhani ni ndoto tu
Nimesoma makala kuhusu usingizi, na mwandishi wake anasema anayerusha ngumi na mateke usingizini huenda ubongo wake umeshaanza kuzorota miaka mingi kabla hajasahau chochote. Hapo nakubali, nimeyaona kwa baba yangu. Mama alihama kitanda baada ya kupigwa kiwiko cha jicho saa kumi alfajiri. Mzee alipoamshwa akasema alikuwa anafukuza mbwa. Tulicheka! Miaka tisa baadaye mkono wa kulia ukaanza kutetemeka, kisha ukawa unamkuta amesimama katikati ya chumba, soksi moja mkononi, hajui alitaka kufanya nini. Daktari wa neva alituuliza habari za usingizi kabla hata ya kumbukumbu. Kwa kawaida mtu akiota, misuli hulegea asiweze kuinuka na ndoto yake. Ulegevu huo ukikosekana, Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka) au demenshia ya miili ya Lewy (aina ya ugonjwa wa kupoteza akili na kumbukumbu) huwa mara nyingi iko njiani. Nisichokubali ni mwandishi kuliweka tatizo hili la kurusha ngumi usingizini fungu moja na kukosa usingizi kwa mawazo. Lilielezwa na madaktari wa Marekani mwaka 1986, na hupimwa kwa kulala usiku kucha umefungwa waya za kupima ubongo na misuli. Kuna mliompeleka mzee wenu kupimwa kabla mikono haijaanza kutetemeka?