Kundi Lina Mioyo Minne, Mashine Inaona Mmoja

Mkufunzi akiliuliza kundi "Tuongeze ugumu?", jibu huwa ni ndiyo. Anayejibu ni yule mwenye sauti. Aliyelemewa anajikaza kisabuni, anaitikia kwa kichwa, na baada ya dakika kumi ndiye anayebonyeza kitufe kisicho chake. Hoja ya kutumia ishara za mwili kurekebisha ugumu wa mazoezi ya kundi inaanzia hapo, na nadhani wanaoipinga wanapita hapo haraka mno.

Wazo lenyewe ni kwamba kila mwanakundi avae kihisi kinachopima mapigo ya moyo, jasho la ngozi, upana wa mboni au mawimbi ya ubongo. Programu inakadiria amebanwa kiasi gani, kisha inapandisha au kushusha ugumu wa kazi ambayo wote wanaifanya pamoja. Kwa mtu mmoja si jambo geni: mwaka 1995 watafiti Pope, Bogart na Bartolome walieleza mfumo wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, uliosoma mawimbi ya ubongo na kuamua lini mashine ishike kazi na lini imrudishie mtu. Kwa makundi, mchezo wa kompyuta Left 4 Dead wa mwaka 2008 ulikadiria mkazo wa wachezaji wake wanne na kupunguza maadui mkazo ulipofika kilele, ingawa uliutazama mchezo tu, bila kugusa mwili wa mtu.

Lawama inayosikika zaidi ni kwamba mashine inadai kusoma mawazo. Haisomi, na mbunifu mwangalifu hasemi kwamba inasoma. Moyo huenda mbio kwa hofu, kwa furaha, kwa kahawa, hata kwa ngazi alizopanda mtu dakika mbili zilizopita. Tena aliyetulia huenda ametulia kwa sababu kazi ni nyepesi, au kwa sababu amekwisha kukata tamaa. Udhaifu huu ni wa kweli. Lakini uulinganishe na kilichopo sasa, yaani mkufunzi anayekisia kwa kutazama sura, na sura ya aliyezoea kuficha haisemi kitu. Kihisi hakilazimiki kujua kwa nini mtu amebanwa. Kinatosha kikigundua kwamba hali yake imebadilika kulinganisha na alivyokuwa mwenyewe dakika tano zilizopita, ili aulizwe. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kwenye mazoezi ya marubani au ya timu ya upasuaji methali hiyo haina mzaha.

Watetezi hupenda kuwataja wanasaikolojia Yerkes na Dodson, ambao mwaka 1908 waliwafundisha panya kuchagua kisanduku cheupe na kukwepa cheusi kwa kuwapiga shoti ya umeme. Pale visanduku vilipotofautiana waziwazi, shoti kali iliharakisha kujifunza. Vilipokaribia kufanana, shoti kali iliwavuruga, na ya kiasi ndiyo ikafaa. Kutokana na hayo watu husema kila mmoja ana kiwango chake cha kati cha msukumo. Sawa. Ila panya wale walijifunza mmoja mmoja, na mimi hukwama hapo kila mara, kwa sababu njia ya mkato ya kutoka kwa mmoja hadi kundi ni wastani.

Tuseme kipimo cha mkazo ni 0 hadi 100. Wawili wako kwenye 20, wanasinzia. Wawili wako kwenye 80, wanazama. Wastani ni 50, na programu inaona kundi liko pazuri, haigusi kitu. Katika wote wanne hakuna hata mmoja aliye kwenye 50. Ukiuacha wastani ukamfuata aliyebanwa zaidi, kazi inashuka mpaka wale wawili wa kwanza walale kabisa. Ukimfuata aliyechoshwa, unawazamisha waliobaki. Hakuna hesabu itakayoponya hili maadamu kinachoguswa ni ugumu peke yake. Kinachofaa kuguswa ni mgawo wa kazi: kwa mfano, mwenye 20 apokee mawasiliano ya redio kutoka kwa mwenye 80, na zoezi libaki na ugumu uleule. Ishara za mwili zikitumika kuhamisha mzigo bega hadi bega, zinafanya kitu ambacho kitufe cha "rahisi" na "ngumu" hakiwezi kukifanya.

Upande wa pili una hoja moja inayonikosesha raha, nayo si ile ya data kuibwa. Data inaweza kufungwa, ikafutwa jioni, bosi asiione. Siri inavuja kupitia kazi yenyewe. Mkiwa wawili, ugumu ukashuka ghafla, na wewe unajua hukuwa umebanwa, umekwishazijua habari za moyo wa mwenzako. Mkiwa wanne mnaangaliana. Aliyekuwa akificha amefichuliwa na mashine ileile iliyokuja kumsaidia, na kule kuhamisha mzigo, dawa niliyoisifu sasa hivi, ndiko kunakomtaja kwa jina.

Tena vihisi havimsomi kila mtu sawasawa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba vipimo vya oksijeni vya kubana kidoleni vilishindwa kuona upungufu kwa wagonjwa Weusi karibu mara 3 zaidi kuliko kwa Wazungu, na elektrodi, yaani vihisi vya kichwani vya kusoma mawimbi ya ubongo, hushika vibaya kwenye nywele nene za kipilipili. Katika kundi, asiyesomeka anaweza kuhesabiwa ametulia, akatwishwa mzigo wa wenzake.

Umoja wa Ulaya umekwishachora mstari. Tangu tarehe 2 Februari 2025, sheria yake ya akili bandia inakataza mifumo ya kukisia hisia za watu kazini na shuleni, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama, na uchovu wa rubani au dereva hauhesabiwi kuwa hisia. Mstari huo unanishawishi nusu. Unamlinda mfanyakazi asipimwe hasira na meneja, vizuri sana. Lakini "usalama" ni mlango mpana, na mkazo wa mtu anayezama kwenye zoezi uko kati ya hisia na uchovu, mahali ambapo mawakili watavutana.

Ningeukubali mfumo huu kwenye mazoezi, pale kukosea kunaporuhusiwa na hakuna alama wala cheo kinachotegemea zoezi hilo, tena kwa sharti kwamba kihisi kimwambie mvaaji kwanza, kwa mtetemo mdogo mkononi, kabla hakijaigusa kazi ya kundi. Yeye ndiye aamue kusema "nipokeeni redio". Wapo watakaousikia mtetemo na kunyamaza. Hao mfumo utakuwa umewapoteza, na sioni njia ya kuwapata bila kuwafichua.