Kabla ya Kusifia Kipya, Taja Kinachoondoka

Kuna kauli ambayo nikiisikia kwenye kikao cha kazi najua mambo yatakwenda mrama: "Wapo humu ndani wanaopinga mabadiliko." Msemaji kwa kawaida ni mkubwa aliyekwisha kuamua kila kitu, na wanaosemwa wamekaa mbele yake wakitazama meza. Binafsi siiamini tena. Sijamwona bado mtu anayekataa nyongeza ya mshahara kwa kuwa nayo ni badiliko. Ukimwona mtu amekaza, kuna kitu anakilinda, na mara nyingi aliyeleta badiliko hajajishughulisha kujua ni kitu gani.

Mchukue karani wa masjala aliyezeekea kwenye mafaili ya karatasi. Anajua lipi liko kabati gani, lipi lilichanganywa na lipi, na nani alilichukua akalisahau kwenye droo. Mkurugenzi akikwama, anaitwa yeye. Sasa inaletwa programu ya kompyuta inayotafuta faili kwa sekunde chache. Siku ya uzinduzi wote wanaambiwa kazi itakuwa nyepesi, na kweli itakuwa nyepesi. Ila kuanzia Jumatatu karani wetu atakuwa sawa na kijana aliyeajiriwa juzi, tena kijana mwenye vidole vyepesi kuliko vyake. Akianza kulalamika kwamba mfumo unasumbua, mtandao umekatika, afadhali tuendelee na karatasi kwanza, msimwite mkaidi. Amevuliwa heshima yake hadharani na hakuna hata mmoja aliyeitaja.

Kwa hiyo kabla ya mafunzo na hotuba za "badiliko ni fursa" (nimezichoka), kaa chini uandike nani atapoteza nini: cheo, ujuzi, posho, zamu inayomwezesha kumchukua mtoto shuleni, hata jirani wa meza aliyezoeana naye. Kisha yaseme hayo waziwazi. Karani aambiwe kwamba kuhamisha mafaili kwenye mfumo kutasimamiwa na yeye, kwa sababu hakuna mwingine anayejua makosa yaliyomo kwenye mafaili hayo. Yapo yasiyofidika, na hayo yakiri tu. Watu wazima wanaweza kubeba hasara wakiona imeonekana. Wapo pia, tusidanganyane, wanaolinda michezo michafu iliyokuwa ikijificha kwenye karatasi. Dawa ya hao ni nyingine.

Jambo hili lina ushahidi wa zamani. Mwaka 1948 Lester Coch na John French walichapisha utafiti walioufanya katika kiwanda cha Harwood cha kushona pajama, mjini Marion, jimbo la Virginia, Marekani. Kila utaratibu wa kazi ulipobadilishwa, uzalishaji ulishuka, manung'uniko yakazidi, na wengine wakaacha kazi. Watafiti wakaligawa zoezi. Kundi moja liliitwa, likaelezwa sababu, likapewa viwango vipya. Kundi jingine lilituma wawakilishi, na katika mengine wafanyakazi wote walikaa kupanga namna mpya ya kufanya kazi. Katika lile lililoambiwa tu, asilimia 17 waliacha kazi ndani ya siku 40 za mwanzo, na uzalishaji haukuinuka. Yale ambayo wote walishiriki yalirudi upesi kwenye kiwango cha zamani, kisha yakakipita kwa takriban asilimia 14. Ninachokipenda zaidi ni kilichofuata. Miezi kama miwili na nusu baadaye, waliosalia wa kundi la kwanza walihamishiwa kazi nyingine, safari hii kwa kushirikishwa, wakaizoea haraka. Ni walewale waliokuwa wameonekana wazito.

Ila kushirikisha kuwe kweli. Kama tarehe na bajeti vimeshapitishwa, sema vimepitishwa, kisha waachie watu kilichobaki: zamu, mpangilio wa meza, nani anaanza. Kikao cha kukusanya maoni ambayo hayatasomwa ni bora kisiitishwe.

Nyumbani tunajidanganya kwa namna nyingine: tunadhani la heri halichoshi. Mwaka 1967 Thomas Holmes na Richard Rahe walitoa orodha ya matukio 43 ya maisha, kila moja na alama ya uzito wake kwa anayepaswa kulizoea. Kufiwa na mwenzi kulipewa 100, talaka 73. Ndoa ilipewa 50, juu ya kufukuzwa kazi yenye 47. Kustaafu 45. Hata likizo ina 13! Sishauri mtu ajumlishe alama hizo kama mtihani, maana talaka ya mmoja ni msiba na ya mwingine ni kufunguliwa. Lakini orodha ile inatukumbusha kwamba furaha nayo hulipiwa. Aliyeoa amepata mwenzi, na jioni zake za peke yake zimekwisha. Kulisema hilo si kukosa shukrani. Mtoto akikaribia kuzaliwa, kuhama nyumba kungoje ikiwezekana, na kozi ya usiku pia.

Mstaafu ndiye anayenisikitisha zaidi. Jumatatu ya kwanza anaamka alfajiri ileile, anapiga pasi shati, anakaa sebuleni, na simu haiiti. Wote walimwuliza atakula nini. Hakuna aliyemwuliza atahitajiwa na nani, na swali hilo lilitakiwa kupata jibu miaka kadhaa kabla, angali na ofisi.

Kuhusu muda, tuwe wapole. Phillippa Lally na wenzake wa London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliona kwamba tabia mpya ya kila siku ilichukua wastani wa siku 66 kuwa mazoea, na kati ya mtu na mtu ilikuwa kuanzia 18 hadi makadirio ya 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Meneja anayetaka mfumo mpya uwe umezoeleka ndani ya wiki mbili, na malengo ya mwezi yasipungue, anaomba miujiza.

Na kama badiliko limekushukia kutoka juu, hukuulizwa wala hutaulizwa, lenga swali moja kwa mkuu wako: ni kazi ipi ya zamani naiacha? Hapo ndipo wengi tunapoumia, kwa kuwa kipya huongezwa na cha zamani hubaki, mpaka unakuta watu wanajaza daftari na kompyuta mwaka mzima. Asipokuwa na jibu, usimsubiri. Mwandikie barua pepe fupi ya heshima: kazi hii na hii naomba kuzisimamisha hadi mwisho wa mwezi ujao, isipokuwa utaelekeza vinginevyo.