Hita, Dagaa na Baba Mkwe

Kwa kuwa rafiki yangu, ambaye nilimpa lifti bila kumtoza hata senti, ameshasambaza toleo lake katika makundi yote ya WhatsApp ya hapa Njombe, nalazimika kueleza mwenyewe. Si kweli kwamba nilimwambia mama mkwe ananuka. Nilisema dagaa wake wananuka, na hata hilo nililisema kwa adabu, nikitanguliza samahani mbili.

Ninyi wa Dar es Salaam mtauliza hita ya gari ni ya nini. Njooni huku mwezi wa Julai, mkute viazi shambani vimeungua kwa sakitu, ndipo mtauliza vizuri. Tulikuwa tunakwenda Makambako kwenye kikao cha sendoff ya shemeji yangu. Baba mkwe, mwalimu mstaafu, alikaa mbele akiwa ndani ya suti yake ya kijivu. Mama mkwe na huyo mwandishi wa habari walikaa nyuma. Dagaa wa Nyasa, zawadi ya dada yake mama, walikuwa kwenye buti. Injini ilipopata moto nikafungulia feni ya hita, na harufu ikaingia.

Kwa muda tulinyamaza, kila mtu akimsitiri mwenzake. Hatimaye baba mkwe akauliza, "Mwanangu, hii harufu ni ya gari au ya mtu?"

Hapo ndipo nilipopata nafasi ya kujionyesha. Nikamweleza kwamba hewa ya hita hupashwa na maji ya moto ya injini, yanayopita katika rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Rejeta hiyo ikivuja, utasikia harufu tamutamu ya kulanti, yaani maji ya kupozea injini, zulia la miguuni kwa abiria litalowa, na kioo cha mbele kitashika ukungu wenye mafuta. Harufu ya uvundo huletwa na kuvu au filta chafu, ile inayochuja hewa ya ndani, na ya kuungua huweza kuwa nyaya, au oili inayodondokea ekzosi. Baba akapapasa zulia: kavu. Kioo kilikuwa safi. Basi, nikahitimisha kwa sauti ya daktari bingwa, gari halina kosa lolote. Tatizo ni dagaa.

Tukasimama, dagaa wakagawiwa kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi kando ya barabara, ambaye aliwapokea kwa shukrani kubwa na, naomba mlizingatie hili, bila kuziba pua. Tukaondoka. Harufu ikaondoka nasi. Mama mkwe hakusema neno. Alikohoa tu, kikohozi ambacho waliooa wanakijua.

Nikabonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani ili kuzuia ya nje, harufu ikabaki palepale. Nikazima feni na kushusha vioo, ikapungua. Nikawasha tena, ikarudi kwa nguvu. Hata mimi nikaelewa kwamba kitu kimo ndani ya njia yenyewe ya hewa, nikaegesha gari ili nikague filta, ambayo katika gari langu hukaa nyuma ya droo ya dashibodi, yaani juu kabisa ya magoti ya baba mkwe. Nilimsihi ashuke. Akasema baridi ni kali, nifanye kazi yangu.

Sasa nisikilizeni taratibu. Nilisimama nje, nikainama mbele yake kama ninayemwamkia, nikabana droo pande zote mbili ikashuka mapajani mwake. Nikafungua kifuniko cha filta. Nikavuta. Filta ikagoma. Nikavuta kwa nguvu zaidi, ikachomoka yote kwa mpigo, ikainama upande wa mzee, na vilivyokuwa juu yake vikamiminika: punje za mahindi, nyuzi za sponji ya kiti, lundo la karatasi zilizotafunwa, na mwisho, bila haraka yoyote, panya. Alikuwa amekufa zamani. Alitua kwenye suti ya kijivu, mkia ukalalia tai.

Baba mkwe hakupiga kelele, na heri angepiga. Alimshika panya kwa leso, akamtupa nje, akavaa miwani, kisha akaokota kipande cha karatasi na kukitazama kwa muda mrefu. Mwalimu huitambua hati yake hata ikitafunwa. Akasoma kwa sauti: "Mheshimiwa Mkuu wa Id..." Akaokota kingine: "...mchango wako wa hali na ma..."

Zilikuwa kadi za mchango wa sendoff. Alikuwa ameziandika kwa mkono wake mwenyewe, akanikabidhi nizigawe kazini, nami nilikuwa nimemthibitishia, kwenye kikao, tena nikiwa nimesimama, kwamba zote zimewafikia wahusika. Kumbe mhusika alikuwa mmoja tu, naye alizitandika akazilalia.

Mengine hayana maana. Wakwe walimalizia safari kwa basi. Fundi alishusha feni, akavaa glavu na barakoa, akalowesha uchafu kwa dawa kabla ya kuupangusa ili vumbi la kinyesi lisipeperuke, akaweka filta mpya, na akafunga wavu mdogo pale chini ya wipa ambapo hewa, na wapangaji, huingilia. Hita sasa inatoa joto na harufu ya dawa basi. Dagaa nimewalipa.

Kadi mpya zimechapishwa, na safari hii baba mkwe ameambatanisha daftari ambalo kila anayepokea anatia sahihi. Kwa hiyo mkiniona nakuja ofisini kwenu na daftari, msijifanye mko kwenye simu. Tieni sahihi, halafu changieni.