Kuunganisha likizo na sikukuu: tazama kwanza uko upande gani wa Namanga

Kwenye kalenda ya Tanzania ya 2026, wajanja wa maofisini wanaounganisha likizo na sikukuu wanaanza na Aprili. Ijumaa Kuu ni tarehe 3, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6, na kesho yake, Jumanne, ni Siku ya Karume. Siku tano bila kumwomba mtu ruhusa. Anayejaza fomu ya likizo kwa Jumatano, Alhamisi na Ijumaa anarudi kazini Jumatatu tarehe 13. Siku kumi za kupumzika kwa likizo ya siku tatu.

Hesabu tamu, ila inategemea unafanya kazi upande gani wa Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi walau siku 28 mfululizo za likizo kwa mwaka, na inasema wazi kwamba sikukuu ikiangukia ndani ya likizo, imo humohumo kwenye hizo 28. Jumamosi na Jumapili nazo zimo. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa siku 21 za kazi, kwa hiyo wikiendi na sikukuu hazigusi akiba ya mtu. Ushauri uleule wa kuunganisha siku, unaosambazwa kwenye simu, unaweza kumfaidisha mtu wa Nairobi na kumpunja wa Dar es Salaam.

Mchukue mhasibu wa Dar anayeandika likizo kuanzia Ijumaa Kuu hadi Jumapili tarehe 12, kwa kuwa ndivyo safari yake ilivyo. Ofisa utumishi anayefuata sheria neno kwa neno atamkata siku kumi. Akiandika Jumatano tarehe 8 hadi Ijumaa tarehe 10, anakatwa tatu. Safari ni ileile na basi ni lilelile. Kilichobadilika ni tarehe mbili kwenye fomu. Mwenzake wa Nairobi hana haja ya kuhangaika: hata akianzia tarehe 3, anakatwa nne tu, maana Kenya haina Siku ya Karume. Wapo waajiri wa Tanzania wanaohesabu siku za kazi kwa hiari yao. Uliza kabla ya kukata tiketi.

Wasioupenda mtindo huu wana hoja nzito, na inaanzia kwenye hilo neno “mfululizo”. Likizo iliwekwa ili mtu akae mbali na kazi muda wa kutosha. Kenya inaruhusu kuigawa kwa makubaliano, lakini inataka kipande kimoja kisipungue wiki mbili za kazi bila kukatizwa. Tanzania, mwajiri ndiye anayepanga likizo ichukuliwe lini, mradi isipite miezi sita baada ya mzunguko wa likizo wa mwaka kuisha, hivyo anayeikatakata anategemea hisani ya bosi. Halafu kuna misiba. Sheria ya 2004 inatoa siku nne zenye malipo kwa kufiwa na mwenzi, mzazi, mtoto, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Mjomba hayumo. Shangazi hayumo. Baba mkwe hayumo. Ukishazitawanya siku zako kwenye Pasaka na Mei Mosi, ukafiwa na mjomba mwezi wa tisa, utaomba nini?

Pamoja na hayo, mimi niko upande wa wanaounganisha. Siku 28 za kukaa nyumbani bila hela si pumziko; mtu wa likizo hugeuka wa kutumwa benki, wa kusimamia fundi, wa kupeleka watoto hospitali. Tena likizo ya Februari ina mabasi matupu, lakini kijijini hukuti mtu. Waulize Wachagga kwa nini wote wanarudi kwao Kilimanjaro Desemba. Vikao vya ukoo, mahari, kujengea kaburi, ugomvi wa mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo: mambo hayo yanataka watu wawepo, na watu wanakuwepo Krismasi. Siku mbili tatu za likizo kabla ya tarehe 25 ndizo zinazokuwezesha kuondoka stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, kabla tiketi za Moshi hazijaadimika.

Ninachokiona kibaya ni jinsi siku hizo zinavyogawanywa. Watu watano wa idara moja wakitaka wiki ileile, anayepata ni aliyewahi fomu au aliyezoeana na mkuu wa idara. Anayebaki kukaimu mwaka hadi mwaka ni mgeni kazini, au yule asiye na watoto, kana kwamba yeye hana kwao. Muuguzi na mhudumu wa hoteli hata hawaingii kwenye mashindano hayo, maana sikukuu ndiyo siku yao ya kubanwa. Sheria ya Tanzania inataka afanyaye kazi sikukuu alipwe mara mbili ya mshahara wa msingi kwa kila saa, na wapo wanaoona bora hela hiyo kuliko safari.

Kuwahi fomu kuna dosari nyingine. Tarehe za Pasaka zinajulikana miaka mingi mbele. Idd inasubiri mwezi. Idd el Fitr ya 2026, kwa hesabu za kalenda, ni Ijumaa tarehe 20 Machi au Jumamosi tarehe 21. Ikiwa Ijumaa, mfanyakazi wa Jumatatu hadi Ijumaa anapata wikiendi ndefu. Ikiwa Jumamosi, siku zote mbili za Idd zinamezwa na wikiendi, na anayetaka kwenda Tanga kusalimia wazazi anahitaji Jumatatu ya ruhusa ambayo hakujua kama angeihitaji. Fomu inayodai tarehe kamili wiki mbili kabla haimtoshi mtu huyu. Ingetosha ofisi ikubali aandike “Idd na siku ya kazi inayofuata”, tarehe zikajazwa mwezi ukishaandama.