Sikumuua Baba, Mzee Alizimika Tu

Naona mwenzangu wa darasani, Katibu, ameshawasambazia ujumbe wake wa sauti wa dakika nne, na wengine wenu mmenitumia mimi mwenyewe mkiuliza kama huyo anayesemwa ni mimi. Ndiyo, ni mimi. Ila pale anaposema nilimuua baba yangu mzazi ili niongezewe siku 5 za kumalizia asaimenti, hapo anaongeza chumvi. Sikumuua mtu. Nilinyamaza tu. Kunyamaza nako ni kosa, liko ukurasa wa 7 wa mwongozo wa kozi, nimeusoma juzi kwa mara ya kwanza.

Kwa wageni: Mzee ni kompyuta yangu. Alikuwa wa dada, na dada naye alimchukua akiwa ameshatumika, kwa hiyo umri wake halisi haujulikani. Feni yake ikianza kuzunguka maktaba, watu huangalia juu wakidhani ndege inapita. Nikisema "Mzee kaniangusha", darasa zima linaelewa kwamba kazi yangu haijaisha.

Basi Jumamosi usiku Mzee alizimika. Nilikuwa ukurasa wa tano wa insha ya maneno 2,500, dedilaini Jumatatu saa 5 na dakika 59 usiku. Skrini ikawa nyeusi, pakanuka kama waya umeungua, kimya. Nakala sikuwa nayo. (Najua. Msiniandikie. Nimeshaambiwa na kila mtu, akiwemo fundi ambaye sikumuuliza.)

Sasa, mwongozo wa kozi tulipewa wiki ya kwanza, kurasa 9. Mimi nilisoma ya kwanza, nikaona jina la Dokta, mwalimu wetu wa kozi, na namba ya chumba chake, nikaridhika kwamba nimesoma. Ningefika ukurasa wa 6 ningekuta imeandikwa kwa herufi nene kuwa kompyuta kuharibika, intaneti kukatika au faili kupotea si sababu ya kuongezewa muda, na kwamba kila siku ya kuchelewa ni asilimia 10 kwenda na maji, wikendi ikiwemo. Mstari wa chini yake, na huu ndio unaoniuma zaidi, unasema maktaba huazimisha kompyuta kwa mwanafunzi yeyote mwenye kitambulisho. Yeyote! Maktaba ambayo mimi hulala humo mara tatu kwa wiki!

Badala ya kusoma, nilimuuliza Katibu. Tunamwita Katibu kwa sababu habari zote hupitia kwake kabla hazijatokea. Akasema, "Nenda huduma za wanafunzi, ghorofa ya kwanza, mlango wa tatu. Kuna mama mmoja mpole sana, anakuandikia mwalimu barua hapo hapo." Jumatatu asubuhi nikaenda. Mlangoni pameandikwa USHAURI NASAHA. Nikajisemea, vizuri, nimekuja kushauriwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa."

Kiti kilikuwa laini mno kwa ofisi. Mezani kulikuwa na boksi la tishu. Mtu mwenye akili angejiuliza, ofisi ya kuongeza muda ina kazi gani na tishu? Mimi nilidhani mama ana mafua.

"Haya, niambie."

"Mama, Mzee amezimika."

Akaweka kalamu chini. "Pole sana mwanangu. Lini?"

"Jumamosi usiku. Ghafla tu, tuko wote mezani."

"Ulikuwa naye wewe?"

"Peke yangu. Nilihangaika kumwamsha mpaka saa nane usiku."

"Alikuwa anaumwa?"

"Joto, mama. Ikifika jioni anapata joto, huwezi hata kumgusa. Nilikuwa namwekea feni pembeni."

"Na umri nao, nadhani, ulikuwa umekwenda."

"Sana. Kumbukumbu yenyewe ilishakuwa ndogo. Siku za mwisho hata mimi alikuwa hanitambui, mpaka nijitambulishe mara tatu ndipo anikubali."

Mama akanisogezea tishu. Nikachukua moja kwa adabu nikajipangusa jasho.

"Sasa hivi yuko wapi?"

"Yuko kwa jamaa mmoja. Kamfungua tangu jana aone kilichomzimisha ni nini."

"Na mmekubali afunguliwe?"

"Si lazima tujue sababu, mama? Halafu jamaa kasema ikishindikana kabisa, vitu vyake vingi vya ndani bado vizima, vitawafaa wengine."

Mama akavua miwani. Akaniangalia kwa muda mrefu. "Huo ni moyo mkubwa, mwanangu. Familia nyingi hukataa."

(Nisimame hapa kidogo. Yule ni fundi. Kwa nini nilimwita "jamaa" siku nzima, sijui. Ningetamka neno "fundi" mara moja tu, leo ningekuwa nimelala.)

"Na nyumbani?"

"Dada ndiye sijui nitamwambiaje. Yeye ndiye aliyekaa naye miaka mingi kabla yangu."

"Dada yako hajui?"

"Hajui, mama. Nasubiri kwanza jamaa amalize."

Akapumua. Akaandika kitu. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mle ndani ninayosema yanabaki mle ndani, hakuna anayeambiwa bila ridhaa yangu, na kwamba naweza kurudi wiki yoyote bila malipo. Nikawaza, chuo hiki kinajali kompyuta za watu kuliko nilivyodhani. Akauliza kama naridhia amwandikie Dokta. Nikasema naridhia, ndicho kilichonileta. Je, wenzangu wa darasani wajue, au nataka iwe siri?

"Wajue tu, mama. Wote wanamfahamu. Mmoja mwaka jana aliwahi hata kumkalia."

Mama aliinua uso. Akafungua mdomo, akaufunga. Hakuandika.

Naapa kwa chochote mnachotaka, mpaka natoka mlango ule nilikuwa sijaelewa. Na laiti hadithi ingeishia hapo, ningekuwa mjinga tu, cheo ambacho nimeshakizoea.

Lakini Jumatatu ile ile saa tatu usiku ikaingia barua pepe ya Dokta. "Nimepokea taarifa ya kuondokewa na mzazi wako. Pole sana. Nimekuongezea siku 5, na ukihitaji zaidi niambie."

Niliisoma mara nne. Ya kwanza nilidhani amekosea mtu. Ya pili nikaanza kuyarudia maneno yangu moja baada ya jingine, joto, kumbukumbu, jamaa, kamfungua, na nywele zikanisimama. Ya tatu nikaangalia saa, zimebaki saa tatu kasoro dakika moja kufika dedilaini. Ya nne nilisoma neno moja tu, "siku 5".

Jibu lilikuwa la mstari mmoja. Simu ninayo mkononi, vidole vyote 10 vipo. Nikaandika "Dokta samahani", nikafuta. Nikaandika "Dokta asante", nikafuta nayo, angalau hiyo mnipe sifa. Nikazima taa nikalala, na nililala vizuri, ndilo linalonitisha.

Jumatano asubuhi fundi akanipigia: Mzee kapona, diski salama, kazi yote ipo. "Ila kitufe chake cha kuwashia kimelegea. Usimbane na vitabu, atajiwasha mwenyewe." Nikasema sawa. Nikamtia kwenye begi katikati ya vitabu viwili vinene, maana ndiyo nafasi iliyokuwepo, nikakimbilia kipindi cha saa mbili.

Sasa kaeni vizuri.

Ukumbi umejaa. Nakaa safu ya tatu, Katibu kulia kwangu, begi katikati ya miguu. Dokta anaingia, hafungui projekta. Anaweka mikono mezani. Anasema kabla hatujaanza, mwenzetu mmoja amefiwa na baba yake mwishoni mwa wiki na hata hivyo amefika darasani, na huo ni ujasiri wa kuigwa. Halafu ananitazama. Safu ya kwanza na ya pili zinageuka kutazama anakotazama Dokta.

Katibu ananishika bega. Macho yamemjaa. "Kwa nini hukuniambia?" ananong'ona, na nikaona ameumia kweli, si kwa sababu ya baba, bali kwa sababu kuna habari ilipita bila yeye.

"Tusimame kwa dakika moja," anasema Dokta.

Mnavijua vile viti vya ukumbini vinavyojikunja vyenyewe. Vikajikunja vyote kwa mpigo, kisha kukawa kimya ambacho sijawahi kukisikia ndani ya chuo. Nikainamisha kichwa. Najitazama viatu. Najiambia, nikimaliza dakika hii namfuata Dokta mlangoni namwambia. Hapana, baada ya kipindi. Hapana, nitaandika barua, barua ina heshima zaidi.

Kama sekunde ya ishirini hivi, nikahisi begi likitetema kwenye kifundo cha mguu.

Nikajua. Huwezi kuishi na mtu miaka miwili usijue mtetemo wake. Kwanza ikaja feni, polepole, kama mtu anayevuta pumzi baada ya kuzama. Nikabana begi kwa magoti. Hilo lilikuwa kosa, nilikuwa namkandamiza kitufe zaidi. Feni ikapanda. Msichana wa safu ya mbele akainua kichwa akaangalia dari, wote huangalia dari. Nikakohoa kuifunika. Nikakohoa tena, na dada mmoja nyuma akanipapasa mgongo akidhani nalia. Na hapo nikakumbuka fundi aliniambia kitu kimoja zaidi: amezijaribu spika, zinatoa sauti safi sasa.

Mzee akaimba.

Ule wimbo wa kuwaka, noti nne za furaha, kwa sauti ya mwisho kabisa, katikati ya dakika ya ukimya ya kumwombolezea yeye mwenyewe.

Hakuna aliyesogea. Nilimwona Katibu kwa pembe ya jicho. Akalitazama begi. Akanitazama mimi. Akalitazama begi. Niliona hesabu ikitembea usoni mwake namba kwa namba, Jumamosi, mlango wa tatu, mama mpole, na nikaona ilipofika kwenye jibu. Nikamkanyaga mguu. Haikusaidia. Akanong'ona, na mnong'ono wa Katibu unafika mahali ambapo kengele ya moto haifiki:

"Si Mzee huyu hapa?"

Safu ya nyuma mtu mmoja akapasuka kicheko puani. Kisha wawili. Mwingine akasema "kafufuka!", na ukumbi ukaenda wote.

Dokta peke yake hakucheka. Alingoja mpaka dakika ikaisha, maana aliitazama saa yake, halafu akasema, "Kaeni. Wewe, tuonane ofisini."

Ya ofisini nitayapitia mbio kwa sababu mbavu zenu nazijua na aibu yangu naijua. Nilieleza yote, nikamwonyesha na Mzee. Dokta akauliza swali moja: "Barua yangu uliisoma lini?" Nikasema Jumatatu usiku. Akasema, "Leo ni Jumatano," akanyamaza. Ile dakika ya ukumbini ilikuwa fupi kuliko hiyo. Siku 5 zikafutwa. Akanifungulia ukurasa wa 7, sababu ya uongo inahesabiwa kama udanganyifu wa kunakili kazi na inaweza kwenda kamati ya nidhamu. Nikampigia mama mshauri nikampa ruhusa aseme kila kitu. Akapitia alichokuwa amekiandika, akamwambia Dokta kwamba ni kweli, mtoto huyu hakutamka hata mara moja kuwa kuna mtu amefariki, na baada ya hapo simu ilikuwa na sauti ya mtu anayejaribu kutocheka kazini. Sikupelekwa kamati. Niliwasilisha usiku ule ule, siku mbili za kuchelewa, asilimia 20 chini, kwa kompyuta ya kuazima maktaba. Kuiazima kulichukua kama dakika tatu. Mzee nilimweka pembeni, amezimwa, bila vitabu. Alama hazijatoka.

Kadi ya pole yenye sahihi za darasa zima ninayo bado, wameniachia kwa makusudi. Wamemwandikia Mzee mstari chini: "Pumzika, lakini si sasa."

Na ujumbe wa Katibu ukamfikia dada, dada akaupeleka nyumbani. Jana jioni Baba akapiga simu.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Nimeambiwa nilizimika Jumamosi."

Nikakosa la kusema.

"Nilitaka kujua tu kama niliteseka."

"Hapana, Baba. Ulipata joto kidogo tu."