Chuo Nakiona, Barabara ya Nyerere Imefungwa

Leo tena wamefunga. Nimeoga mapema, shati nimelinyoosha kwa kulilalia chini ya godoro, hoja zote za testi nimezipanga kichwani, nafika Majumba Sita, karibu na uwanja wa ndege wa Dar, nakuta watu wamejipanga ukingoni mwa lami kama wanasubiri pilau ya msibani. Hapo huna haja ya kuuliza. Ukiona Barabara ya Nyerere nyeupe, haina daladala wala bajaji, ujue kuna mtu anapita na mtu huyo si wewe.

Najua kuna mjuaji atasema si ungetoka alfajiri. Ndugu yangu, mimi sipandi gari. Geto langu liko upande huu, chuo kiko upande ule, katikati ni lami tu. Pale niliposimama nilikuwa nasoma maandishi ya getini bila miwani. Mlinzi nilimwona anachovya andazi kwenye chai.

Nikamsogelea askari kwa adabu zote nilizofundishwa.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Rudi nyuma."

"Afande, mimi ni mwanafunzi wa chuo kile pale. Nina testi saa tatu."

"Barabara imefungwa."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka ifunguliwe."

Muhula huu tunasoma mantiki. Jibu lile nimeligeuza huku na huku, sikuona pa kuliingilia. Nikabisha hodi mlango mwingine.

"Navuka kwa miguu tu, afande. Sasa hivi niko ng'ambo."

"Ukivuka wewe, na hawa watavuka."

Nikageuka kuwatazama hawa. Mama mwenye ndoo ya samaki, bodaboda aliyezima pikipiki na kuilalia, watoto wa shule ya msingi wanaofurahia kuchelewa kihalali, na mzee mmoja mwenye baraghashia. Wote walinikodolea macho ya matumaini, mbunge wao nimepatikana. Kichwa kikanivimba.

"Kwani leo anapita nani, afande?"

Lo! Jimbo lote likanihama. Bodaboda alikokota pikipiki yake hatua kadhaa kulia, mama akahamisha ndoo. Afande akanipima kuanzia viatu kwenda juu.

"Unataka kujua ili iweje?"

"Hapana, afande. Nilikuwa natia stori tu."

Mzee wa baraghashia akanivuta pembeni. Anaishi Kipawa tangu barabara hii ikiitwa Pugu Road, na misafara anaijua tabia zake zote. Kwa mujibu wake, askari akiwa bado anafoka, tafuta pa kukaa. Akiacha kufoka na kuanza kujikung'uta vumbi, jiandae. Akiacha hata kuitika salamu, basi mkubwa yuko karibu. Nikajaribu.

"Afande, habari za kazi?"

Kimya.

"Si nimekwambia," akasema mzee.

Kweli bwana, ving'ora hivyo. Pikipiki mbele, nyuma yake magari meusi yamewasha taa jua likiwa linawaka, yanafuatana, yanafuatana, mwisho gari la wagonjwa, yote yameelekea uwanjani. Vumbi likatulia. Tukaanza kuteremka lamini, mama wa samaki akiongoza.

"Nani kawaambia mshuke?"

"Si ameshapita, baba?" mama akauliza.

"Hayo yanakwenda kumpokea."

Kumpokea! Yaani mwenyewe bado yuko angani huko, pengine anakunywa juisi. Mimi mwananchi mlipakodi, maana kila vocha nayokwangua ina kodi ndani, nimezuiliwa na viti vitupu. Ningekubali kuzuiliwa na mtu. Lakini viti!

Nikageuka nipate wa kulalamika naye, macho yakagongana na ya mhadhiri wa somo lenyewe, begi begani, naye kakwama. Sijawahi kufurahi kumwona mhadhiri namna ile. Mwenye testi akiwa huku, testi itafanyikaje kule? Nikanunua karanga. Nikamgawia. Tukaongea mpira, tukaongea mvua. Msafara uliporudi na mwenyewe ndani, na barabara ikafunguliwa, tukavuka bega kwa bega, mimi na mwalimu wangu.

Darasani wenzangu wa hosteli walishafika ukurasa wa pili. Msaidizi wake alikuwa na karatasi tangu jana. Nikaomba niongezewe muda.

"Mtahiniwa hutakiwa kufika nusu saa kabla."

"Mwalimu, si tulikuwa wote pale!"

"Mimi si mtahiniwa."

Karanga zangu alikuwa bado anazitafuna. Nikila sapu, yaani mtihani wa marudio, nimwambie nani? Fomu ya maelezo ina kisanduku cha ugonjwa na kisanduku cha msiba. Msafara haumo. Niandike nini, nimefiwa na barabara?

Na msinitajie Dodoma. Mwaka 2016 ilipotangazwa kwamba serikali inahamia huko, nilikuwa mdogo lakini naambiwa wakazi wa njia hii walishangilia, wakajua foleni nayo inahama na mafaili. Hawakupiga hesabu. Zamani rais alilala Magogoni, akaja uwanjani akiwa na safari. Sasa Ikulu iko Chamwino, kwa hiyo kuja Dar kwenyewe ndiyo safari, na kurudi safari nyingine. Tarehe 1 Agosti 2024 alipozindua treni ya SGR na kuipanda kwenda Dodoma, nilisimama mbele ya televisheni ya kibanda umiza nikapiga makofi peke yangu. Ndege zikaendelea kuruka. Na Januari 2025 wakuu wa nchi za Afrika wakaja kwa mkumbo kwenye mkutano wa nishati. Hiyo hata sitaki kuisimulia.

Ndege zenyewe ndiyo usiseme. Mhadhiri akifika kwenye neno la maana, moja inapita juu ya bati. Anafunga mdomo, anatazama dari, ikishapita anaendelea alipofikiri aliishia. Daftari langu lina "sababu kuu ya mfumuko wa bei ni", halafu mstari unaofuata "kwa hiyo mmeelewa".

Tena zinaoga kuliko sisi. Julai 2018 ile Dreamliner ilipowasili, magari ya zimamoto yaliimwagia maji kwa shangwe, tukaona kwenye televisheni. Ilikuwa safi, imetoka kiwandani! Mimi huku nanunua maji kwa dumu, naoga kwa mahesabu, mguu mmoja leo.

Mama yangu kule kijijini hajui haya. Jengo la tatu la abiria aliliona likizinduliwa Agosti 2019, na akilini mwake mimi nasomea mle ndani. Amewatangazia ukoo mzima. Matokeo yake kila ndugu mwenye safari analala kwangu, anayekwenda Oman kufanya kazi, anayesindikiza, na anayesindikiza msindikizaji. Wananiuliza uzito wa mizigo utadhani mimi ndiye rubani. Imebidi nizoeane na muuza mchele wa mtaani aniazime mizani usiku.

Juzi alikuja shangazi. Begi lilizidi, tukatoa unga, likazidi, tukatoa kinu, ndiyo, alibeba kinu, bado likazidi, ikabidi aache mfuko wa dagaa wa Mwanza. Kaniambia nile nisome. Dagaa wazuri, sina ugomvi nao, ila gesi imeisha, bumu, yaani pesa ya mkopo wa chuo, halijaingia, na paka wote wa Karakata sasa wanalijua dirisha langu.