Baada ya kifungu cha 226, aliyekata tamaa atamkuta nani?

Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Kenya aliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakwenda kinyume cha Katiba. Kwa kifungu hicho, aliyejaribu kujiua akanusurika alikuwa mhalifu, na angeweza kufungwa hadi miaka 2, kutozwa faini, au vyote viwili. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili walikuwa miongoni mwa waliofungua kesi hiyo. Jaji akakubali kwamba kumshtaki mtu wa namna hiyo ni kumvunjia utu na kumfungia njia ya kupata matibabu. Tanzania nayo ina kifungu chake, cha 217, kinachosema vilevile kwamba kujaribu kujiua ni kosa.

Wapo waliosikitishwa na uamuzi ule, na si kweli kwamba wote ni watu wenye roho ngumu. Wengi wanasema uhai ni amana ya Mungu, na sheria ikinyamaza itaonekana imeridhia. Nami naamini uhai ni amana. Lakini Uingereza, iliyotuletea sheria hii enzi za ukoloni, iliifuta kwake mwaka 1961, na Ghana ikaifuta mwaka 2023. Misikiti na makanisa ya huko hayajaacha kufundisha kwamba uhai ni mtakatifu.

Wengine wanategemea woga: mtu akijua kuna jela atajizuia. Hapa siwafuati kabisa. Anayeona hana kesho hapigi hesabu za kizimbani. Woga wa sheria huwashika zaidi walio karibu naye. Tanzania, majeruhi ambaye jeraha lake linatia shaka huombwa PF3, ile fomu ya polisi. Hebu fikiria mama amefika mapokezi usiku na kijana wake, muuguzi anauliza imekuwaje. Mama anajua, lakini anajua pia kwamba jibu la kweli linaweza kumfikisha mwanawe kituoni. Anasema kijana ameanguka. Jeraha linafungwa, wanarudi nyumbani asubuhi, na lile lililomleta pale halijaguswa na mtu yeyote.

Hoja inayonisumbua ni nyingine, nayo husikika zaidi vijijini. Saa nane za usiku, jirani anasema anataka kufa na watu wameshindwa kumtuliza. Ataitwa nani? Daktari wa akili yuko mjini, zahanati imefungwa, mwenye gari ni mmoja. Anayepatikana ni askari, au mgambo. Kwa familia iliyochoka, kumpeleka kituoni ndiyo njia pekee ya kuhakikisha anaiona asubuhi. Ukiwaambia kosa limefutwa, wanaelewa kwamba hata askari hatakuja tena.

Hofu hiyo ni ya haki, ila jibu lake lipo. Askari hahitaji kosa la jinai ili aokoe mtu. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya inamruhusu kumchukua anayehatarisha maisha yake na kumfikisha penye matibabu. Tofauti ni mahali anapoishia: kitanda badala ya mahabusu, daktari badala ya mwendesha mashtaka. Basi askari wafundishwe hivyo, na hospitali za wilaya ziwe na mtu wa kumpokea usiku huo. Bila hayo, uamuzi wa mahakama utabaki kuwa habari njema ya magazetini.

Kuna kosa pia upande wetu tunaoshangilia. Tunazungumza kama vile upole peke yake unatosha. Hautoshi. Mwenye sonona kali, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, anahitaji tiba, na usiku wa hatari anahitaji mtu wa kukaa naye na vitu vya hatari viondolewe karibu yake. Akisema "usimwambie mtu", usimwahidi siri hiyo. Mwambie wazi kwamba utatafuta msaada, na utakuwa naye.

Lakini upole ndio unaofungua mlango. Shirika la Afya Duniani linasema kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafuu. Sisi huogopa kuuliza, na akianza kusema mwenyewe tunamkatiza: "Usiseme hivyo, ni dhambi." "Mbona wenzako wana shida kuliko wewe?" "Jikaze, wewe ni mwanamume." Kila jibu la aina hiyo humfundisha anyamaze. Muulize, "Imekuwa hivi tangu lini?" kisha usiwe na haraka ya kumpa ushauri. Kama ni machozi, yaache yatoke. Baadaye ndipo useme, "Twende hospitali, nitakusindikiza."

Na kama ni wewe unayesoma haya na mawazo hayo yako nawe sasa hivi, usibaki peke yako. Mwamshe ndugu, jirani, shehe au padri, au nenda kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu. Ukiwa Kenya, piga 1199, namba ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu. Si lazima uwe na maneno yaliyopangika. Sema tu, "Naogopa nitajidhuru, njoo ukae nami."